Barabara ya Wafungwa, Njia ya Manowari

Kati ya Hout Bay na Noordhoek, kusini mwa jiji la Cape Town, kuna kilomita tisa za barabara zenye kona 114. Mkono mmoja ni jabali lililosimama wima. Mkono wa pili, chini kabisa, Bahari ya Atlantiki inapasuka juu ya mawe. Jina la barabara ni Chapman's Peak Drive, na ni nadra mtu kwenda kutembea Cape Town asiambiwe aipite. Walioichonga hawakwenda kutembea. Walikuwa wafungwa wapatao 700, walioanza kupelekwa jabalini mwaka 1915 wakiwa na sululu, nyundo na baruti. Kazi iliisha miaka saba baadaye, na Mei 1922 barabara ikafunguliwa na Prince Arthur wa Connaught, Gavana Mkuu wa Afrika Kusini wakati ule.

Kwa kufunguliwa kwake, kipande kigumu kuliko vyote katika safari ya kuizunguka Rasi ya Cape kikawa kimepatikana. Rasi hiyo ni ulimi wa nchi wenye urefu wa kilomita 50 hivi, unaoanzia chini ya Table Mountain na kuishia Cape Point, kwenye magenge ya mwisho. Magharibi yake ni Atlantiki yenye maji ya baridi kali. Mashariki ni ghuba ya False Bay, yenye maji ya vuguvugu kidogo. Katikati unapita uti wa milima. Leo familia yenye gari huzunguka rasi nzima kwa siku moja na kuwahi chakula cha jioni mjini. Vijitabu vya utalii huisifu kuwa nchi ambayo mkono wa binadamu haujaigusa, lakini sifa hiyo inawafuta waliotangulia. Barabara, minara ya taa, reli, hata pundamilia wanaopigwa picha mbugani, vyote viliwekwa pale na mikono ya watu, na mara nyingi mikono hiyo haikuwa huru.

Watu wa kwanza kuijua rasi hii kwa miguu walikuwa Wakhoikhoi na Wasani. Wakhoikhoi walichunga ng'ombe na kondoo, wakihama kufuata malisho na maji kulingana na majira, na vijito vinavyoshuka kutoka Table Mountain ndivyo vilivyowanyweshea mifugo karne nyingi kabla ya meli yoyote ya Ulaya kutia nanga. Wazungu walikuja kwa njia ya bahari. Bartolomeu Dias, nahodha wa Ureno, aliipita ncha hiyo mwaka 1488. Vasco da Gama alifuata Novemba 1497, na Aprili ya mwaka uliofuata merikebu zake zilikuwa zimefika Mombasa na Malindi. Nguzo ya mawe inayohusishwa na safari hiyo ingali inasimama ufukweni Malindi. Kwa msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, kwa hiyo, magenge ya Cape Point ni mlango ambao Wareno waliupita kabla ya kubisha hodi kwake.

Ndani ya hifadhi ya Cape Point ipo misalaba miwili mikubwa ya ukumbusho, mmoja wa Dias, mwingine wa da Gama. Wengi huipiga picha wakaondoka. Kumbe ina kazi: nahodha akiiona misalaba hiyo imepangana katika mstari mmoja, mstari huo unamwonyesha ulipo mwamba wa Whittle Rock, uliojificha chini ya maji ya False Bay. Sehemu kubwa ya historia ya rasi hii ni ya watu waliokuwa wakijaribu kuipita salama.

Waholanzi wa Kampuni ya India ya Mashariki waliweka kituo chao chini ya Table Mountain mwaka 1652. Walikata miti Hout Bay kwa ajili ya majengo na meli, wakavisha bonde la Constantia mashamba ya mizabibu yaliyolimwa na watumwa. Bandari yao, Table Bay, ilikuwa na kasoro moja kubwa. Majira ya baridi upepo wa kaskazini-magharibi huingia moja kwa moja ghubani na kuzitupa meli pwani. Mei 1737 dhoruba moja iliangamiza meli kadhaa pamoja na mabaharia wao. Baada ya hasara kama hizo, katika miaka ya 1740 Kampuni iliamuru meli zake zitie nanga upande wa pili wa rasi katika miezi ya baridi, kwenye kighuba kilichopewa jina la gavana Simon van der Stel. Mji wa Simon's Town ulizaliwa kwa sababu ya upepo.

Ndipo lilipokuja tatizo la njia. Kutoka Cape Town hadi Simon's Town mikokoteni ya maksai ililazimika kupita kwenye michanga ya Muizenberg na Fish Hoek, mahali ambapo magurudumu yalizama na wanyama walichoka. Mwaka 1795 Waingereza walishuka pwani hiyohiyo, Agosti wakapigana na Waholanzi pale Muizenberg, kwenye ukanda mwembamba kati ya mlima na bahari, na koloni likaanguka mikononi mwao. Walilirudisha, wakalichukua tena mwaka 1806, na kufikia 1814 jeshi lao la majini lilikuwa limeihamishia kambi yake Simon's Town.

Kambi hiyo inawahusu Waswahili kuliko wengi wanavyofikiri. Kwa miongo mingi ilikuwa makao ya kikosi cha Cape, ambacho kilisimamia pia sehemu kubwa ya maji ya Afrika Mashariki. Admirali Harry Rawson aliyekiongoza miaka ya 1890 ndiye aliyepanda hadi Mwele mwaka 1895, nyuma ya Mombasa, kumpiga Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui. Mwaka uliofuata, asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896, meli yake kuu, St George, ilikuwa mbele ya kasri la Zanzibar pamoja na manowari nyingine nne. Mizinga ilianza kulia saa tatu asubuhi na dakika chache. Haikufika hata saa moja kasri lilikuwa limebomoka na kuungua, Sayyid Khalid bin Barghash, aliyejitangaza sultani, amekimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani, na watu wapatao mia tano wa upande wake wameuawa au kujeruhiwa. Vita hiyo husimuliwa mara nyingi kama jambo la kuchekesha, vita fupi kuliko zote duniani. Kwa Unguja ilikuwa mauaji.

Mwaka 1914 manowari za kikosi hichohicho zilipanda tena kaskazini. Astraea iliipiga Dar es Salaam kwa mizinga Agosti, siku chache baada ya vita kuu kuanza. Pegasus ilizamishwa bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba na manowari ya Wajerumani, Königsberg, ambayo baadaye ilijificha katika delta ya Rufiji hadi ilipoangamizwa Julai 1915. Ndani ya meli za Uingereza, tangu enzi za doria za kuzuia biashara ya watumwa, walikuwamo mabaharia Waafrika: Wakru kutoka pwani ya Liberia na Sierra Leone, na wengine walioajiriwa Zanzibar na bandari nyingine za Bahari ya Hindi. Makaburi ya Wakru yapo katika makaburi ya zamani ya Seaforth, Simon's Town, hatua chache kutoka barabara ambayo mabasi ya watalii huipita yakienda kuwaona pengwini.

Wakati manowari zikiongezeka, meli za biashara ziliendelea kuvunjika. Mwaka 1860 mnara wa taa wa chuma uliwashwa juu ya kilele cha Cape Point, karibu mita 240 kutoka usawa wa bahari. Waliouweka waliamini kwamba taa ikiwa juu zaidi itaonekana mbali zaidi. Walisahau ukungu. Usiku mwingi wingu lilikaa juu ya kilele na kuifunika taa, na bahari chini ikabaki wazi lakini gizani. Usiku ambao hapakuwa na ukungu kulikuwa na hatari nyingine: taa ilionekana mapema mno, na manahodha waliotoka magharibi walijiona wako salama wakakaribia miamba kupita kiasi. Aprili 1911 meli ya abiria ya Kireno, Lusitania, ikitoka upande wa Msumbiji na mamia ya watu, iligonga mwamba wa Bellows Rock karibu na ncha. Wengi waliokolewa, lakini ajali hiyo ilimaliza ubishi. Mnara mpya ukajengwa chini, kwenye mita 87 tu, ambako ukungu haufiki kwa urahisi. Ule wa zamani umebaki kileleni, na watu huupanda kwa ngazi au kwa kigari cha reli, wakidhani uliachwa kwa sababu ya uzee.

Reli ilifika Muizenberg mwaka 1882 na Simon's Town mwaka 1890, ikipita karibu na maji kiasi kwamba siku za mawimbi makubwa chumvi hurukia madirishani. Ilijengwa kwa faida ya jeshi la majini, lakini ndiyo iliyowafungulia watu wa mjini pwani ya mashariki. Muizenberg ikawa mji wa mapumziko wa matajiri; Cecil Rhodes alifia hapo Machi 1902 katika nyumba ndogo inayotazama bahari. Kalk Bay, mbele kidogo kwenye reli hiyo, ilibaki ya wavuvi, wakiwamo watu kutoka Ufilipino waliofika karne ya 19 wakaoa na kuzaa hapo. Na kuelekea Vita Kuu ya Pili treni hizo zilipata abiria wa pekee: mbwa mkubwa aliyependwa na mabaharia, Just Nuisance, ambaye alizoea kuwasindikiza hadi mjini. Makondakta walipochoka kumshusha, jeshi lilimwandikisha rasmi mwaka 1939, akawa baharia mwenye haki ya kusafiri bure. Alikufa mwaka 1944 akazikwa kwa heshima za kijeshi.

Upande wa Atlantiki ulichelewa. Thomas Bain, mhandisi aliyejenga barabara nyingi za milimani katika koloni la Cape, alichonga Victoria Road chini ya vilele vya Twelve Apostles, na mwishoni mwa miaka ya 1880 magari ya farasi yakaweza kutoka Sea Point kupitia Camps Bay hadi Hout Bay.

Barabara hiyo inapita juu ya Clifton, mtaa wenye nyumba za bei ghali sana na fukwe nne za mchanga mweupe. Karibu na fukwe hizo, usiku wa tarehe 27 Desemba 1794, merikebu ya Kireno iitwayo São José Paquete de África iligonga mwamba. Ilitoka Kisiwa cha Msumbiji mapema mwezi huo kuelekea Maranhão, Brazili, ikiwa imepakia zaidi ya watu 400 waliotekwa bara. Mabaharia waliokolewa. Watumwa zaidi ya 200 walizama, na walionusurika waliuzwa Cape Town siku chache baadaye.

Wazamiaji waliyaona mabaki ya merikebu hiyo miaka ya 1980 wakadhani ni meli ya Kiholanzi. Ukweli ulijulikana baada ya watafiti wa makumbusho ya Iziko kuupata ushahidi wa nahodha katika nyaraka za mahakama na kuulinganisha na vyuma vilivyokuwa chini ya bahari. Vyuma hivyo vilikuwa vya kuituliza merikebu. Shehena ya kawaida hushindilia chombo kwa uzito wake. Binadamu ni wepesi na husogea, kwa hiyo wafanyabiashara walipakia vipande vya chuma ili chombo kisipinduke. Juni 2015 wazamiaji walimwaga juu ya eneo hilo udongo uliotoka Mossuril, nchi ya Wamakua huko Msumbiji. Wamakua wapo pia Masasi na Mtwara. Wale waliozama Clifton walitoka upande uleule wa bahari ambao Waswahili wanauita nyumbani, na msafiri anayesimamisha gari pale kuangalia jua likizama anapaswa kulijua hilo.

Baada ya Hout Bay, Bain hakuwa na pa kupita. Mlima unaoitwa Chapman's Peak, kwa jina la baharia Mwingereza John Chapman aliyetumwa ufukweni kwa mashua mwaka 1607 kutafuta mahali pa kutia nanga, unaingia baharini moja kwa moja. Frederic de Waal, msimamizi wa kwanza wa Jimbo la Cape, ndiye aliyeshikilia kwamba barabara ijengwe hata wahandisi waliposema haiwezekani. Suluhisho lilipatikana katika mawe yenyewe. Chini mlima ni matale, magumu na imara. Juu yake zimelala tabaka za mawe ya mchanga zinazokatika kwa urahisi zaidi. Barabara iliwekwa pale tabaka hizo mbili zinapokutana, matale yakawa sakafu na mawe ya mchanga yakachongwa kuwa ukuta. Ndiyo maana inapanda na kushuka kwa kufuata mstari wa mwamba. Ubunifu huo ulikuwa na gharama yake: ukuta uliochongwa kwenye mawe yanayokatika hauachi kukatika.

Upande wa kusini, karibu na ncha, palikuwa na mashamba na kisha mipango ya kupageuza mji wa mapumziko. Wakazi walipinga, na mwaka 1939 eneo likatengwa kuwa hifadhi. Hapo ndipo wanyama waliporudishwa. Pundamilia wa milimani, ambao walikaribia kutoweka nchini kwa kuwindwa, waliletwa. Wakaletwa pia swala wa rangi ya kahawia na nyeupe waitwao bontebok. Simba waliokuwa wakiunguruma karibu na ngome ya Waholanzi karne ya 17 hawapo tena, wala chui. Kuna chui wa shaba tu, aliyechongwa na Ivan Mitford-Barberton na kuwekwa juu ya jiwe Hout Bay mwaka 1963.

Nyani hawakurudishwa kwa sababu hawakuondoka. Jiji limepanuka hadi likawakatia njia ya kwenda kwa nyani wengine wa bara, wakabaki kundi lililofungiwa rasini. Wamejifunza kufungua milango ya magari na kuingia majikoni, na ugomvi kati yao na wenye nyumba unaendelea hadi leo.

Watu nao waliondolewa, na hili ndilo ambalo safari ya siku moja hulificha zaidi. Simon's Town ilikuwa na wakazi Waislamu wenye asili ya visiwa vya Malay, Wakru, Waxhosa, wavuvi, mafundi wa gudi na wafuaji nguo. Mwaka 1965 Waafrika wa kijiji cha Luyolo, juu ya mji, walihamishiwa mtaa wa Gugulethu. Tarehe 1 Septemba 1967, chini ya Sheria ya Maeneo ya Makundi, iliyotenganisha makazi kwa rangi, mji ulitangazwa kuwa wa Wazungu. Zaidi ya watu 7,000 waliondoka katika miaka iliyofuata. Wengi walipelekwa upande wa pili wa mlima, kwenye mtaa mpya ulioitwa Ocean View, ambako kutoka kwenye nyumba nyingi bahari haionekani. Msikiti wa Simon's Town ulibaki, na waumini wakawa wanasafiri kutoka mbali kwenda kuswali mahali walipozaliwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, jozi chache za pengwini wa Kiafrika zilikuja zenyewe kutaga Boulders, ufukwe mdogo wenye mawe makubwa ya matale pembeni mwa Simon's Town. Walipata ghuba tulivu yenye samaki, kwani uvuvi wa nyavu kubwa ulikuwa umezuiwa False Bay. Waliongezeka hadi kufikia maelfu, wakajengewa uzio na njia za mbao za watazamaji. Miaka 15 hivi ilikuwa imepita tangu familia za mitaa ya jirani zifungashe vyombo vyao. Pengwini hawana lawama katika hilo, na wao wenyewe wako hatarini. Zamani mayai yao yaliokotwa kwa mamia ya maelfu na samadi waliyochimbamo viota ilikwanguliwa visiwani ikauzwa; leo wanakosa dagaa na samaki wengine wadogo wa kuwalisha makinda. Mwaka 2024 waliwekwa katika daraja la viumbe waliomo hatarini kabisa kutoweka. Hata hivyo ni vigumu kusimama kwenye njia zile za mbao bila kufikiri kwamba ndege walipewa ulinzi haraka kuliko majirani walivyopewa haki.

Mwaka 1977 waendesha baiskeli mia kadhaa waliandamana kudai njia zao mjini. Maandamano hayo yakazaa, mwaka uliofuata, mashindano ya kuizunguka rasi, sasa ya kila Machi, yanayovuta makumi ya maelfu ya washiriki, kilomita 109 zinazopita Muizenberg, Simon's Town, karibu na Ocean View, juu ya Chapman's Peak na Victoria Road. Lakini njia hiyo haihakikishwi na mtu yeyote. Januari 2000 Chapman's Peak Drive ilifungwa baada ya mawe kuporomoka na kuua, na haikufunguliwa hadi Desemba 2003, ikiwa na nyavu za chuma, paa la zege lililoingizwa ndani ya mwamba, na kituo cha kulipia. Mvua kubwa ikinyesha, hufungwa tena. Machi 2015 moto ulioanzia Muizenberg uliteketeza milima ya kusini, ukichochewa na upepo na miti ya kigeni, na mashindano yakakatwa hadi kilomita 47. Mwaka 2017 yalifutwa kabisa asubuhi ileile ya kuanza: upepo wa kusini-mashariki ulikuwa ukiwaangusha waendeshaji na baiskeli zao katikati ya Cape Town, kabla hawajaiona bahari.